Mkebe wa Saba

Mwaka ule wa masanduku, mwenye sinema alipoondoka Kampala
na funguo za ukumbi bado mfukoni,
mjomba Almasi, mfagiaji wake,
alirudi Bombo na mashine ya kuonyeshea picha
na mikebe sita ya bati.
Kila mkebe una nambari. Wa saba haukuwapo.

Picha ya kale, alisema, ya kimya, ya Java.
Hatukuuliza Java ni wapi.
Tuliona mpunga umesimama majini kama wa Doho
tukaona panatosha.

Akatundika shuka ya ndoa ya mama
kwenye ukuta wa kinu cha kahawa.
Shuka ilikuwa na kiraka,
na kila aliyepita pale alipata kovu la shavu:
mfalme, nyati,
mwezi.

Mwanamke wa mbinguni anashuka kuoga.
Mwindaji anamwibia mtandio wa kurukia,
anauzika chini ya mpunga ghalani,
kisha anajitokeza na huruma zake, anamwoa.

Kamba tuliiona. Nene, ya kufungia mbuzi,
ikimshusha kwa mikupuo, mguu mmoja umekwama tawini.
Nyani wa msitu alikuwa na vifungo mgongoni.
Bi Zeituni, msuka mikeka, akasema kwa sauti,
"Manyoya yale ni ukindu,
na aliyeshona hakumaliza pindo."
Lakini nyani alipolia
Bi Zeituni naye alivuta kamasi.

Maandishi yakitokea, meupe, marefu,
mjomba, asiyejua hata neno moja la kule,
alikohoa, akasoma:
"Ewe bwana, mimi nilikuja kuoga tu."
Sauti nyembamba ya kike
ikitoka chini ya masharubu.
Hakuna aliyecheka.

Mkebe wa sita unaishia ghalani.
Mpunga umepungua. Mwanamke ameinama,
mkono umezama hadi kiwiko,
uso unaanza kugeuka,
kisha weupe,
na mkia wa filamu ukipiga pa, pa, pa.

Hapo mjomba alimalizia kwa mdomo,
kila Jumamosi kwa namna yake.
Mara mtandio umeliwa na panya.
Mara mwindaji ameungama, amesamehewa,
wamechinja jogoo.
Mara alichogusa ni jiwe.
Njia zote zilirudi jikoni:
mwanamke anasonga ugali, mume anapiga hodi.

Tulijua. Mkewe, Rehani,
alikwenda Arua kwenye matanga ya dada yake
na matanga hayakuanuliwa.
Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Basi Jumamosi moja, jogoo yuko karibu kuchinjwa,
Bi Zeituni akasimama na ukindu wake kwapani.
"Almasi. Mkono umeshagusa."
"Umegusa nini?"
"Nguo. Sisi tunaosuka tunajua
uso wa mtu ambaye kidole chake kimegusa nguo.
Mwache aende."

Mtu mmoja nyuma akasema, Mwache.
Wake za askari wakasema, Mwache.
Sisi watoto, mbele, vumbini,
tuliosinzia na tuliokuwa macho,
mwache, mwache, bila kujua tunaomba nini.

Mjomba akaingia katikati ya mwanga.
Kivuli chake kikaijaza shuka,
kiraka kikamkaa kifuani.
Jenereta ikanguruma kwa muda mrefu,
mafuta yakiteketea bure, yeye aliyekuwa bahili wa mafuta.
Akasema, si kwa ile sauti nyembamba, kwa yake mwenyewe,
"Akaenda."

Hakutuambia alifika wapi.

Shuka ilirudi kitandani kwa mama.
Mkebe wa tatu Bi Zeituni aliuomba wa kuwekea sindano,
na kutu imeula mfuniko.
Kamba tuliiona kila Jumamosi, miaka mitatu, wazi kabisa.
Usiku ule tu, shuka ikiwa tupu,
hapakuwa na kamba.